Saa Ngapi Alijua, Saa Ngapi Alitenda: Wepesi na Kujituma Katika Majibu ya Usaili

Swali la wepesi na kujituma huja na sura nyingi katika chumba cha usaili. "Tuambie siku uliyolazimika kuamua bila kuwa na taarifa zote." "Tupe mfano wa jambo ulilolifanya ambalo hakuna aliyekutuma." "Umewahi kukuta kazi imekwama na mkubwa wako hayupo? Ulifanyaje?" Maneno hubadilika, lakini kinachotafutwa ni kilekile: tukio moja la kweli ambalo mwombaji aliliona, akalishika mwenyewe, tena akalishika mapema kiasi cha kuokoa kitu.

Kiswahili kinayatenganisha vizuri mambo ambayo jopo linayapima. Kujituma ni kufanya kazi bila kusukumwa. Kujiongeza, neno la mtaani ambalo siku hizi limeingia hata maofisini, ni kuona kinachohitajika kabla ya kuambiwa. Wepesi ni ufupi wa muda kati ya kujua na kutenda. Halafu kuna pupa na papara, ambazo kwa mbali hufanana na wepesi, na msaili makini huzichungulia kila anaposikiliza. Jibu zuri huonyesha yale matatu ya kwanza na kumwondolea msaili shaka juu ya hizo mbili za mwisho. Majibu mengi huanguka kwa sababu hutaja sifa na kusahau saa.

Maswali haya yalikotoka

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, alichapisha makala kuhusu mbinu ya kukusanya matukio mahususi ya kazini. Mbinu hiyo ilikua kutokana na utafiti wake juu ya wanajeshi wa anga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Badala ya kuuliza rubani mzuri ana sifa zipi, yeye na wenzake waliuliza: eleza tukio, nani alifanya nini, na kikatokea nini. Mwaka 1973 David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard akapinga mazoea ya kuchagua watu kwa vipimo vya akili, akataka waajiri watazame umahiri unaoonekana katika kazi yenyewe. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 kampuni ya DDI ya Marekani ilieneza mfumo wa kumtaka mwombaji aeleze hali ilivyokuwa, jukumu alilokuwa nalo, hatua alizochukua na matokeo yake. Ndio mfumo unaojulikana kwa kifupi chake, STAR. Umoja wa Mataifa, ambao wasailiwa wengi wa Afrika Mashariki hukutana nao kupitia ofisi za Gigiri jijini Nairobi, hutumia mpangilio wa jamii hiyohiyo, na mwishoni huongeza kipengele cha alichojifunza mhusika.

Kati ya waajiri wakubwa, Amazon ndiyo iliyoiandika sifa ya wepesi kwa uwazi kuliko wengi. Katika kanuni zake 16 za uongozi imo moja inayosema, kwa muhtasari, kwamba kasi ina uzito katika biashara, kwamba maamuzi mengi yanaweza kutenguliwa na kwa hiyo hayahitaji utafiti mrefu, na kwamba kampuni inathamini kujaribu jambo la hatari iliyopimwa. Wasaili wake hugawana kanuni, kila mmoja zake, na huuliza matukio kwa kanuni hizo. Facebook kwa miaka mingi ilikuwa na kaulimbiu ya kwenda mbio hata vitu vikivunjika, mpaka mwaka 2014 ilipoibadilisha na kutaka mwendo uleule uende na mitambo iliyo imara. Badiliko hilo linafaa kukumbukwa na kila mwombaji: hata waliokuwa wakijisifia kuvunja vitu walifika mahali wakaona vitu vilivyovunjika vina gharama.

Huku kwetu sifa hiyo hujificha ndani ya tangazo la kazi. Maneno kama "awe na uwezo wa kufanya kazi kwa usimamizi mdogo" au "aweze kufanya kazi chini ya shinikizo" ni taarifa ya mapema kwamba swali la kujituma litakuja. Tangazo linalosisitiza usahihi, ukaguzi na kufuata taratibu, kwa mfano la mhasibu, mfamasia au mwongoza ndege, linaashiria swali hilohilo likiwa limepinduliwa: siku uliyokataa kuharakishwa.

Nyakati za vitenzi

Jopo huuliza yaliyotokea kwa sababu moja tu. Mtu akiulizwa angefanya nini, hata mvivu hujibu vizuri. Akiulizwa alifanya nini, anahitaji tukio, na tukio lina mashahidi, lina saa, lina vitu vinavyoshikika. Kwa bahati, sarufi ya Kiswahili humfichua mwombaji mapema kuliko anavyodhani. Jibu lililojaa hu- na huwa, kama "huwa sipendi kazi ilale", linaeleza tabia ambayo hakuna aliyeiona. Jibu lenye -nge-, kama "ningempigia simu msimamizi", linakiri kwamba tukio halipo. Kinachotakiwa ni -li- ya kufungua kisa, kisha -ka- moja baada ya nyingine: niliona, nikapima, nikapiga simu, nikahamisha. Kiambishi hicho kidogo kinabeba mfuatano na mwendo kwa pamoja. Msimuliaji anayekitumia vizuri hahitaji kusema kwamba alifanya haraka, maana sikio la msaili linausikia mwendo wenyewe.

Nafsi nayo ina hatari zake. Malezi ya wengi wetu yanaona aibu kusema "mimi", na katika mazungumzo ya kawaida adabu hiyo ina thamani yake. Katika usaili huzaa sentensi kama "tulichukua hatua" na "ikaamuliwa kwamba", na msaili hubaki na karatasi tupu mahali pa jina la aliyetenda. Si lazima kujifanya shujaa. Inatosha kugawa kazi kwa haki: mwenzangu alishika simu, dereva alileta gari, mimi nilihesabu na kuamua kipi kiende kwanza. Mgao wa namna hiyo humfanya msailiwa aaminike, kwa sababu mtu anayedanganya kwa kawaida hujichukulia kila kitu.

Kisa kimoja kwa karibu

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha tofauti. Muuguzi wa zahanati ya kijijini anasailiwa kwa nafasi katika mradi wa afya. Anaulizwa: tuambie siku uliyochukua hatua ya haraka bila kusubiri maelekezo. Jibu la kwanza:

"Mimi ni mtu ninayefanya kazi kwa haraka sana na najituma. Kuna siku friji ya chanjo ilipata hitilafu, lakini kwa ushirikiano tulichukua hatua za haraka na tukafanikiwa kuokoa chanjo zote."

Hakuna uongo humo, na hakuna ushahidi. Friji iliharibika lini? Nani alijua? Haraka ni dakika 10 au siku mbili? Muuguzi huyohuyo, kwa tukio lilelile, angeweza kujibu hivi:

"Ilikuwa Jumatatu ya kliniki ya watoto. Nilifika saa moja na nusu asubuhi nikakuta umeme umekatika, na kipimajoto cha friji ya chanjo kinasoma nyuzi 9. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Daftari lilionyesha nyuzi 5 jana yake jioni, kwa hiyo sikujua joto limepanda saa ngapi usiku. Mganga mfawidhi alikuwa safarini. Nilimpigia mratibu wa chanjo wa wilaya, hakupokea. Nikamwachia ujumbe kwamba nahamishia chanjo kituo cha afya, kilomita 6, chenye friji ya sola. Nilitoa pakiti za barafu, lakini sikuzitumia palepale. Baadhi ya chanjo zikiganda zinaharibika kabisa, kwa hiyo nilisubiri mpaka nikizitikisa pakiti nikasikia maji ndani. Hiyo ilinichukua kama dakika 20, na muda huo nikahesabu vichupa, vilikuwa 84. Niliondoka na bodaboda saa mbili na robo. Mratibu alinipigia nikiwa njiani, akakubali, akanielekeza nivitenge mpaka avikague. Alipofika saa nne tulitazama alama ya joto ya kila kichupa: mraba wa ndani ulikuwa bado mweupe kuliko duara la nje. Vyote vilirudi kwenye matumizi, na kina mama waliokuwa wakisubiri walihudumiwa siku hiyohiyo, ingawa kwa kuchelewa saa tatu. Baadaye nilimwomba mganga mfawidhi tuandikiane na kituo kile, ili siku nyingine asiwepo mtu wa kubahatisha."

Likisemwa kwa mwendo wa kawaida, jibu hili halizidi dakika mbili na nusu. Lina mambo kadhaa ambayo hayaonekani kwa haraka. Kwanza ni saa: saa moja na nusu alijua, saa mbili na robo alikuwa barabarani. Dakika 45 ndizo wepesi wake, na hakulitaja neno hilo hata mara moja. Pili ni kile asichokijua. Anasema wazi kwamba hakujua joto lilipanda lini, na kukiri huko ndiko kunakolifanya jibu liwe la uamuzi. Mwenye taarifa zote hahitaji kuamua, anatekeleza tu. Tatu, na hapa ndipo jibu linapopata uzito wake, ni zile dakika 20 za kusubiri barafu ilegee. Mtu wa papara angezitia pakiti zikiwa ngumu kama jiwe, akafika mapema na chanjo zilizoganda. Muuguzi alijua ni wapi mwendo unasaidia na ni wapi unaharibu. Msaili anayeifahamu kazi hiyo akisikia maji ndani ya pakiti, shaka ya pupa inamtoka.

Kipo pia kitu ambacho hakukifanya: hakuzitupa chanjo, wala hakumchanja mtoto hata mmoja kabla ya ukaguzi. Alizihamisha na kuzitenga, yaani alichagua hatua ambayo mwenye mamlaka angeweza kuibadilisha akifika.

Mlango wa kurudi

Katika barua yake kwa wanahisa wa Amazon ya mwaka wa fedha 2015, Jeff Bezos, mwanzilishi wa kampuni hiyo, aligawa maamuzi katika aina mbili kwa mfano wa milango. Upo mlango ambao ukishaupita huwezi kurudi, na huo huhitaji utaratibu, mashauriano na utulivu. Upo mlango unaofunguka pande zote: ukiingia ukaona hapafai, unarudi ulikotoka. Hoja yake ilikuwa kwamba mashirika yanapokua huanza kuipitia milango yote kwa utaratibu mzito wa ule wa kwanza, na matokeo yake ni uzito wa mwendo. Katika barua ya mwaka uliofuata aliongeza kipimo: maamuzi mengi yafanywe mtu akiwa na kama asilimia 70 ya taarifa ambazo angependa kuwa nazo, kwa kuwa anayesubiri asilimia 90 mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Asilimia hizo zisichukuliwe kama mizani ya dukani. Hakuna anayeweza kupima taarifa alizonazo akapata 70 kamili, na msailiwa anayezitaja namba hizo kana kwamba alizipima siku ya tukio anasikika kama mtu aliyekariri. Faida ya mfano wa milango ni kwamba humpa mwombaji swali la kujiuliza anapochagua kisa: nilichokifanya kingeweza kutenguliwa? Kubadilisha mpangilio wa foleni kwenye dirisha moja kwa wiki moja kunatenguka. Kumpa mteja bidhaa mbadala kabla bosi hajarudi, kwa hasara ndogo inayojulikana, kunatenguka kwa gharama. Kutuma fedha kwenye namba ambayo haijahakikiwa, kufuta kumbukumbu za kompyuta zisizo na nakala, kusaini mkataba, kuzungumza na waandishi wa habari kwa niaba ya taasisi: hiyo ni milango isiyorudi, na mtu aliyeipita peke yake kwa kasi anajihatarisha anapoisimulia, hata kama mambo yalimwendea vizuri. Jopo halimpongezi mtu kwa bahati.

Kwa hiyo sentensi moja inayoonyesha kwamba msailiwa aliupima mlango ni ya lazima. Inaweza kuwa fupi sana: "Nilijua likishindikana tungerudi kwenye daftari la zamani kesho yake." Au: "Hasara kubwa kabisa ingekuwa nauli ya safari moja." Hapo hatari iliyopimwa inaonekana na namba yake.

Mahali mamlaka yanapoishia

Kujituma kuna mpaka, na mpaka huo ndio sehemu inayowasumbua zaidi wanaotoka kwenye utumishi wa umma au taasisi zenye ngazi nyingi. Msailiwa hujiuliza: nikisema nilitenda bila ruhusa, si nitaonekana mkaidi? Hofu hiyo si ya bure. Kuna majibu yanayomwonyesha mtu akikanyaga taratibu na kujisifia. Mfano mbaya unaosikika ni wa afisa aliyeona ofisi haina karatasi, akanunua dukani kwa jamaa yake bila kupitia mfumo wa ununuzi, kisha akadai fedha zake. Anadhani amejiongeza. Jopo la serikali linasikia mtu atakayeleta hoja ya ukaguzi. Sheria za ununuzi wa umma huacha njia ya ununuzi wa dharura, yenye masharti na kumbukumbu zake, na aliyejituma kweli ni yule aliyeijua njia hiyo na kuifuata siku ileile wakati wenzake wanalalamika.

Kanuni inayofaa ni kwamba msailiwa aonyeshe mambo matatu kuhusu mamlaka: ni nini kilikuwa ndani ya uwezo wake, ni nini hakikuwa, na ni lini aliwaarifu wenye mamlaka hayo. Kuarifu si sawa na kuomba ruhusa na kukaa kitako. Muuguzi wa mfano wetu alipiga simu, akaacha ujumbe unaosema anachokwenda kufanya, akaanza kutenda ndani ya eneo lake huku mlango wa kuzuiwa ukiwa wazi. Bosi asiyepatikana kwa dakika 10 hajavunjiwa heshima kwa namna hiyo. Aliyevunjiwa heshima ni yule anayesikia habari kesho yake kwa watu wengine.

Ipo aina nyingine ya kisa ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni ya kusimamisha kazi. Katika viwanda vya Toyota, kwa miaka mingi mfanyakazi wa mstari wa kuunganisha magari alikuwa na kamba ya kuvuta alipoona kasoro, na ikibidi mstari mzima ulisimama. Kuivuta kulikuwa ni wepesi, ingawa kwa macho kulikuwa ni kuchelewesha. Karani wa ghala aliyezuia lori lisiondoke kwa sababu hesabu ya katoni haikulingana na hati ya kupelekea mzigo, akapiga simu tatu ndani ya robo saa, ana kisa kizuri kuliko aliyekesha akipakia.

Hapo pana tofauti nyingine ya kuangaliwa. Kukesha kazini, kufanya kazi Jumapili, kumaliza ripoti ya mwezi kwa siku mbili kwa sababu mkurugenzi ameitaka: hiyo ni bidii, na ni jambo jema, lakini haijibu swali. Aliyeamua ni mkurugenzi. Vivyo hivyo visa vya zimamoto ambamo moto uliwashwa na msimulizi mwenyewe. Mtu anasimulia alivyokimbizana na tarehe ya mwisho ya zabuni, na swali la kwanza la jopo linakuwa: tangazo lilitoka lini? Likiwa lilitoka wiki sita kabla, kisa kimegeuka.

Maswali ya kuchimba

Msaili aliyefunzwa hatosheki na simulizi la kwanza. Atachimba, na uchimbaji wake una mkondo unaotabirika. Ulijuaje kwamba kuna tatizo? Kulikuwa na njia gani nyingine? Nani hakukubaliana nawe? Kama ungesubiri siku moja kingetokea nini? Leo ungefanya tofauti gani?

Swali la kusubiri siku moja ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalotenganisha haraka yenye sababu na haraka ya mazoea. Kama jibu la kweli ni kwamba kusingetokea kitu, basi kisa hicho kiachwe kabla ya siku ya usaili. Wepesi una maana pale tu ambapo muda ulikuwa unakula kitu: nyanya zinaoza, wateja wanaondoka, mgonjwa anazidiwa, dirisha la maombi linafungwa saa kumi jioni. Kitu hicho kitajwe mwanzoni mwa kisa, katika sentensi ya pili au ya tatu, ili kila hatua inayofuata isikike ikiwa na sababu.

Kuhusu waliopinga, inafaa kuwataja kwa heshima na kueleza hoja yao kama wangeieleza wenyewe. "Mhasibu aliona ni mapema, kwa sababu mwaka uliopita tulipunguza bei tukapata hasara." Msailiwa anayeweza kuibeba hoja ya mpinzani wake bila kuipotosha anaonyesha kwamba aliisikia kabla ya kuamua. Majina ya watu na ya wateja yasitajwe. Vyeo vinatosha, na siri za mwajiri wa zamani zibaki zilipo.

Kisa kilichoharibika

Mara nyingi swali la wepesi lina pacha wake: tuambie siku uliyoamua haraka ukakosea. Hapa wasailiwa hukimbilia kosa lisilo kosa, kwa mfano kwamba walijituma kupita kiasi mpaka wakachoka. Jopo limeshasikia hilo mara nyingi. Kisa kinachofaa ni kosa la kweli la ukubwa wa kati, kwenye mlango wa kurudi, lililogunduliwa na mhusika mwenyewe na kurekebishwa kwa wepesi uleule uliolizaa. Msimamizi wa duka aliyeagiza madaftari mengi mwanzoni mwa Januari kwa kuwa mwaka wa shule unaanza, kisha shule za jirani zikawa zimekwisha kuagiza kwa pamoja, anaweza kueleza siku aliyoona hayatoki, simu aliyompigia msambazaji siku hiyohiyo, kiasi alichorudisha na hasara iliyobaki. Namba ya hasara isifichwe. Kilichobadilika katika utaratibu wake nacho kitajwe kwa kitendo: sasa kila Desemba anapita kwenye shule mbili kuuliza kabla ya kuagiza. Kusema tu kwamba "nilijifunza kuwa makini" hakumwachii msaili kitu cha kuandika.

Visa vinapatikana wapi

Kumbukumbu ya mtu ni hafifu kwa saa na namba, lakini simu yake si hafifu. Anayejiandaa kwa usaili afungue makundi ya WhatsApp ya kazini na barua pepe za miaka miwili au mitatu iliyopita, atafute siku ambazo ujumbe ulikuwa mwingi kuliko kawaida. Ndipo mambo yalipotokea. Muda uliochapwa pembeni ya kila ujumbe utamwambia alijua saa ngapi na alijibu saa ngapi, na mara nyingine utamkosoa: alidhani alitenda asubuhi ileile kumbe ilikuwa kesho yake. Ni heri akosolewe na simu kuliko na jopo.

Visa vitano au sita vinatosha usaili mzima, kwa kuwa kisa kimoja hujibu maswali zaidi ya moja kikigeuzwa upande. Kila kimoja kiandikwe kwa mistari michache tu: saa ya kujua, saa ya kutenda, kilichokuwa hakijulikani, mlango ulikuwa wa namna gani, nani aliarifiwa, na kilichotoka kwa namba. Kukiandika neno kwa neno na kukikariri ni kosa, maana swali la kwanza la kuchimba hukivunja.

Mhitimu ambaye hajaajiriwa hana haja ya kusema hana mfano. Jopo linalosaili wahitimu linajua umri wao. Mazoezi kwa vitendo, uongozi wa darasa, kikundi cha kwaya, timu ya mtaa, duka la mama, vyote vina matukio. Kamati ya harusi ni shule ya wepesi ambayo haijapewa heshima yake: ukumbi umejitoa siku nne kabla, michango imefika nusu, kadi 300 zimeshagawiwa na jina la ukumbi limeandikwa. Kijana aliyekuwa katibu wa kamati hiyo, akapita kumbi tatu jioni ileile, akampigia mweka hazina kujua kilichopo mkononi, akaja na pendekezo moja kwenye kikao cha usiku badala ya kuja na tatizo, ana kila kitu ambacho swali linakitaka. Anachohitaji ni kukisimulia kwa uzito wa kazi, bila kucheka na bila kuomba radhi kwamba ni harusi tu.

Usaili kwa lugha nyingine

Usaili mwingi wa Afrika Mashariki hufanyika kwa Kiingereza, hata pale ambapo tukio lenyewe liliishi kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mwombaji afanye mazoezi ya kusimulia kwa lugha atakayoitumia, kwa sauti, huku saa ikihesabu, kwa sababu kisa cha dakika mbili kwa Kiswahili kinaweza kurefuka hadi nne kwa mtu anayetafuta maneno. -Ka- haina mwenzake wa Kiingereza, na wasimuliaji wengi hujaza pengo hilo kwa kurudia "kisha" ya Kiingereza katika kila sentensi. Sentensi fupi zenye kitenzi cha wakati uliopita zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Saa nazo zihesabiwe upya mapema. Kwa kuwa jibu zima linasimama juu ya saa ya kujua na saa ya kutenda, zibadilishwe kwenye karatasi siku moja kabla. Anayetafsiri papo kwa papo hujikuta ameigeuza saa mbili na robo asubuhi neno kwa neno, na jopo likaandika kwamba muuguzi alipanda bodaboda na vichupa 84 saa nane na robo usiku.